Talaka ya Siku ya Sita

Wageni walikuwa kumi na wawili pamoja na Profesa wao, na walikuja Kilwa Kivinje kwa siku tisa kuusoma utamaduni wote uishe. Siku tisa! Hafsa binti Abdulrazak alizaliwa Kivinje, akaolewa Kivinje, akamzika mama yake Kivinje, na mpaka leo kuna majirani ambao hajawaelewa. Lakini ratiba ilikuwa imechapwa kwa rangi, na ilisema siku ya kwanza utandawazi, siku ya pili historia ya utumwa kabla ya chakula cha mchana, siku ya tatu magofu, siku ya nne wanawake. Siku ya tano ilikuwa ya kuogelea, kwa sababu kufikia hapo wanafunzi watakuwa wamechoshwa na utamaduni.

Aliyewapokea ni Cletus, kijana wa Kipatimu aliyekwenda kusoma Dar es Salaam akarudi na viatu vilivyochongoka na cheo cha mratibu. Wiki moja kabla hawajafika alipita nyumba zote zilizopangiwa wageni akiagiza vitu vifichwe. Televisheni ifunikwe. Jiko la gesi liingie uvunguni. Friji, kama halitoki, livishwe kanga.

"Mama Kudra, hawa wanalipia uhalisi," alimwambia Hafsa.

"Kwa hiyo mimi nikipikia gesi si halisi?"

"Wewe ni halisi, mama. Tatizo ni gesi."

Basi Hafsa, mwenye jiko la plate mbili alilolinunua kwa jasho la vitumbua, akarudi kupuliza kuni, macho mekundu, kamasi zinamtoka, ili watoto wa watu waje wampige picha akikohoa. Na walimpiga. Msichana mmoja aitwaye Megi, ndiye aliyepangiwa kulala kwake, alimwambia kwa Kiswahili cha kwenye kitabu kwamba moshi wake ni mzuri sana. Hafsa akasema ahsante, maana ungejibu nini hapo?

Hayo yote angeyameza. Wageni walikuwa na adabu zao, wakipewa ugali wanakula, wakiambiwa vua viatu wanavua. Kilichomkaa kooni ni mumewe.

Rehani alikuwa dalali wa korosho, mwembamba, mcheshi, mtu wa kuuza maneno na korosho pamoja. Cletus alimtafuta kwa sababu hiyo hiyo ya maneno. Akamtundikia kitambulisho shingoni, chenye picha na kamba ya bluu, kimeandikwa Mtaalamu wa Utamaduni. Loh! Tangu siku hiyo mtu hakukivua. Alikwenda nacho sokoni, alikwenda nacho msikitini, akirukuu kinaning'inia mbele ya uso wake kama kengele ya mbuzi. Mtu ambaye mwezi uliopita ungemuuliza utamaduni ni kitu gani angekuambia subiri niulize, sasa anajibu kabla hujamaliza swali.

Na asipojua, anatunga. Siku ya pili tu, mwanafunzi mmoja alimuuliza kinu kile kilichopo uani kina maana gani kwa jamii. Kinu! Maana yake ni kutwanga. Rehani akavuta pumzi, akasema kwamba kwa watu wa pwani hii kinu ndicho mama wa nyumba, na mgeni haingii uani kabla hajakisalimia. Kuanzia hapo kila asubuhi wazungu kumi na wawili walipanga foleni mbele ya kinu cha Hafsa, mmoja mmoja, wakainama na kusema shikamoo. Watoto wa jirani walikuwa wanajificha nyuma ya ukuta wanaitikia marahaba.

"Baba Kudra, unawadanganya watu wazima," Hafsa alimwambia.

"Huo ndio utaalamu," alijibu, akaweka kofia yake sawa.

Hafsa alimpenda, na tuliseme wazi ili mtu asije akadhani vinginevyo. Mwaka wa mafuriko, akiwa na mimba ya Kudra, uchungu ulimkuta Miteja kwa shangazi yake na magari hayapiti. Rehani alimpakia kwenye baiskeli akaisukuma kwenye tope siku nzima mpaka hospitali, na hakusema hata mara moja kwamba amechoka. Miaka ishirini na sita sasa, kila Rehani anapomuudhi, Hafsa huikumbuka baiskeli ile, hasira zinapoa. Alimsamehe uvivu kwa baiskeli ile. Alimsamehe umalaya wa maneno, na kulala kwenye nyumba aliyoachiwa yeye Hafsa na mama yake bila kupiga hata msumari mmoja.

Ikaja siku ya sita. Ratiba ilisema: Ndoa, Mamlaka na Mabadiliko. Mwanasheria mmoja wa kike alikuwa aje kutoka Lindi kuzungumza, lakini asubuhi akapiga simu kwamba ana kikao. Profesa akatazama ratiba, akatazama saa. Lilikuwa pengo la saa moja na nusu, na Profesa huyu, Mungu amsamehe, alikuwa anaogopa pengo kwenye ratiba kuliko nyoka ndani ya nyumba.

"Nipo mimi," Rehani akasema. "Kuna nini nisichokijua kuhusu ndoa?"

Wakakaa uani kwa Hafsa, kwenye mikeka. Profesa alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye nywele za mvi alizozikata kama mwanamume, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri mpaka afike kwenye jambo la maana, hapo hurudi kwenye lugha yao na Cletus anatafsiri. Akauliza kuhusu mahari, Rehani akajibu. Akauliza kuhusu kungwi, Rehani akajibu mambo ambayo hakuna mwanamume anayeyajua. Kisha akauliza talaka hutolewaje.

"Rahisi tu," Rehani akasema. "Mume anatamka."

"Anatamkaje? Tuonyeshe. Nataka waone, wasisikie tu."

Hafsa alikuwa jikoni na mikono yake ina unga. Aliitwa. Cletus alipomweleza kinachotakiwa, alicheka kwanza, akidhani ni utani. Alipoona hawacheki akajifuta mikono kwenye kanga na kumsogelea mumewe.

"Baba Kudra, hilo neno halichezewi. Mwambie nitaigiza mgonjwa, nitaigiza nafiwa, nitagaragara hapa chini wakitaka. Hilo hapana."

"Ni igizo, Mama Kudra."

"Najua ni igizo. Na wewe umesoma chuo cha Kurani, unajua kwamba hilo halina igizo."

"Usinitie aibu mbele ya wageni," Rehani akasema kwa sauti ya chini, huku anatabasamu upande wa mikeka.

Cletus, ambaye kwao ni Wakatoliki na mambo haya ameyasikia kwa mbali tu, alijaribu kuokoa. Akasema basi mzee atumie jina la kutunga, amwite mke Bi Fulani. Profesa akakunja uso. Jina la kutunga, alisema, litaua hisia. Anataka mume halisi, mke halisi, majina halisi. Rehani akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesoma naye darasa moja.

Kijana mmoja akainua simu kurekodi. Rehani akasimama, akakohoa, akanyoosha kidole. Hafsa bado alikuwa anafikiri atageuza, mtu wa maneno huyu, atasema neno lolote jingine na wazungu hawatajua tofauti. Angeweza kutaja bei ya korosho kwa sauti ya ukali wakampigia makofi.

"Hafsa binti Abdulrazak," Rehani akasema, "nimekuacha. Nakupa talaka. Nenda kwenu!"

Nenda kwenu! Na mwanamke amesimama kwenye sakafu ya mama yake.

Yule kijana wa simu akapiga ukelele mdogo, akashika kichwa. Hakuwa amebonyeza. Anaomba radhi sana. Je, baba anaweza kurudia?

"Baba Kudra, basi," Hafsa akasema. Akashika nguzo ya banda. "Umeshasema. Ishia hapo hapo."

Rehani akampungia mkono wa kumnyamazisha, ule ule anaowapungia wauza korosho wasiojua mizani. Akasimama tena, akaweka kofia sawa, akalisema neno lote kuanzia jina hadi nenda kwenu. Alikuwa katikati ya neno la mwisho, pikipiki ya matangazo ikapita nje na spika yake, inatangaza dawa ya kunguni. Kijana wa simu akatikisa kichwa. Kunguni wameingia kwenye video.

Hafsa akamshika mumewe mkono wa kanzu.

"Rehani," akasema, na hakuwa amemwita hivyo tangu wakiwa wachumba. "Hiyo ni ya pili. Imebaki moja. Nakuomba kwa jina la Mungu."

Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. Profesa akaweka mkono kifuani, akamuuliza Cletus mama anasema nini. Cletus akasema mama anamsihi mumewe asimwache. Na Rehani, mtaalamu, akageuka akawaambia wageni kwa fahari kwamba sasa mke wake ameingia kwenye igizo.

Ya tatu ilitoka safi. Hakuna pikipiki, hakuna kuku, mwanga mzuri. Rehani alimtazama mkewe machoni na sauti ikamkwama kidogo kwenye jina, na aliposema nimekuacha ungeapa mtu anaacha kweli. Wanafunzi wakapiga makofi. Megi alilia. Profesa akamkumbatia Hafsa kwa nguvu na kumshukuru kwa kushiriki nao jambo la ndani kiasi kile, kisha akatazama saa na kusema wamebakiwa na dakika kumi za maswali.

Hafsa hakubaki kwa maswali. Aliingia chumbani, akajifunga kanga mbili, akafunga mlango kwa komeo.

Mchana Rehani alikuja kuuliza chakula. Sauti ikamjia kutoka nyuma ya mlango.

"Chakula kipo kwenye sufuria. Mimi si wako tena, usiingie."

Alicheka. Akagonga, akacheka tena, halafu kicheko kikaanza kupungua. Alisema mzaha. Alisema wageni. Alisema hata hakunuia, Mungu anaona moyo.

"Nenda kwa Shehe Yahya ukamweleze moyo wako," Hafsa akasema.

Alikwenda kwanza kwa Cletus. Ndiko walikolipika shauri. Alasiri alirudi mlangoni akaongea kwa mnong'ono, taratibu, na hii sasa ilikuwa sauti ya dalali.

"Mama Kudra, sikiliza. Kwenye simu ipo moja tu. Zile mbili hazipo, aliyerekodi hakubonyeza, na ya pili wameifuta. Cletus atasema ilikuwa moja. Mimi nasema moja. Wewe sema moja. Ikiwa moja nakurejea papo hapo kwa neno, yanaisha, tunakula muhogo wetu wa nazi jioni hii. Zikiwa tatu, hunirudii mpaka uolewe na mwingine, akuingilie, akuache. Unataka hayo? Kwa umri huu?"

Hafsa alikaa kwenye ukingo wa kitanda walichokilalia miaka ishirini na sita na akayafikiria hayo yote. Hakuwa akitaka kuolewa na mtu. Hakuwa akitaka kula peke yake. Neno moja dogo la uongo, na kila kitu kinarudi mahali pake, na Rehani atakuwa mpole mwaka mzima. Lakini kila atakapolala naye atakuwa anajua. Na yeye Rehani atakuwa anajua, na atalala usingizi, na hilo ndilo lililomuuma kupita yote.

Kesho yake asubuhi walikaa barazani kwa Shehe Yahya. Shehe alikuwa mtu wa umri wa Rehani, walisoma naye chuo kimoja, na hakuna aliyemwogopa, ila wote walimheshimu. Rehani alikuja na Cletus. Cletus alikuja na Profesa, maana Profesa aliposikia kuna usuluhishi wa kienyeji wa bure, haukuwepo hata kwenye ratiba, nani angemzuia? Alijitanda mtandio wa kuazima, daftari gotini. Shehe alimkaribisha, akamwomba azime simu.

Profesa alikuwa ameandaa barua. Imeandikwa kwa kompyuta, ina nembo ya chuo chao, inathibitisha kwamba tukio la jana lilikuwa zoezi la kitaaluma na kwamba chuo hakikusudii madhara yoyote kwa ndoa ya washiriki. Imeambatanishwa na fomu ya ridhaa, na sahihi ya Rehani chini. Shehe akavaa miwani, akaisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri.

"Barua nzuri," akasema. "Na nembo yake nzuri. Rehani, ulimtaja kwa jina lake?"

"Nilimtaja, shehe, lakini walitaka—"

"Na baba yake?"

"Na baba yake."

"Alikuwa mbele yako?"

"Alikuwepo. Lakini sikunuia, shehe, wallahi. Ilikuwa mzaha."

"Kuoa na kuacha havina mzaha, tumefundishwa hilo tukiwa watoto, mimi na wewe kwenye jamvi moja. Ukilitamka wazi limepita, ucheke usicheke." Akavua miwani. "Sasa ulilitamka mara ngapi?"

"Mara moja."

Cletus akasema ndiyo, moja. Alisema haraka na kutazama viatu vyake. Akatoa na simu yenye ile video kama ushahidi, na hapo barazani asubuhi ile ikasikika sauti ya Rehani inamwacha mkewe tena, vizuri kabisa, na makofi kwa nyuma. Shehe akainua mkono azime.

"Moja ina dawa," akasema. "Ukisema umemrejea, amerudi. Bi Hafsa, na wewe ulisikia mara moja?"

Rehani alimgeukia. Alikuwa amevaa shati alilopigiwa pasi na Hafsa mwenyewe juzi. Alimkonyeza, kidogo tu, kama alivyokuwa akimkonyeza zamani wakimficha shangazi jambo, na Hafsa akahisi moyo unamvuta kwake kwa nguvu ambayo hakuitegemea. Angemwambia moja. Jamani, neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Tatu," akasema.

"Mama Kudra!"

"Kila moja peke yake, shehe. Kati yake walizungumza, walicheka, pikipiki ilipita. Nilimwomba baada ya ya kwanza. Nilimwomba baada ya ya pili."

Rehani aliteremka kwenye kiti akakaa sakafuni. Hakuwa mtaalamu wa kitu chochote pale, alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na tano analia mbele ya wageni bila kuambiwa na mtu. Alimuuliza Hafsa angepungukiwa nini kwa uongo mmoja. Shehe akasema kwa huzuni kwamba zimetimia, kwamba Bi Hafsa atakaa eda nyumbani kwake, na kwa kuwa nyumba ni ya mama yake, atakayefunga mizigo ni Rehani.

"Una hakika, Bi Hafsa?" akauliza tena, kwa sababu alikuwa rafiki yao. "Una hakika ni tatu? Mtu akiwa na fadhaa huweza kuchanganya."

"Sikuchanganya. Ya kwanza alikuwa anamtazama kijana wa simu. Ya pili alikuwa anaweka kofia sawa. Ya tatu ndiyo alinitazama mimi." Akakaza kanga yake kichwani. "Shehe, mwaka huu mzima mume wangu hajanitazama vile."

Profesa alimgusa Cletus begani, kalamu tayari, akauliza mama amesema nini.

Cletus alimtazama Hafsa, kisha daftari.

"Amesema tatu," akajibu, na Profesa akaandika.